Gambiti ya Stafford kwenye blitzi ya dakika 3: niipe talaka au bado?

dole_gumba ameuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri wa kweli. Kejeli nazo nitazipokea, maana najua zinakuja.

Nina mtoto wa miezi mitano asiyelala kitandani. Analala kifuani kwangu tu, kichwa kwenye mkono wangu wa kulia, na ukimsogeza kidogo analia kama king'ora. Kwa hiyo kuanzia saa nne usiku hadi mama yake aamke kushika zamu, mimi nina mkono wa kushoto, simu na dole gumba. Ndiyo sataranji yangu yote. Nacheza blitzi, yaani mchezo wa haraka, dakika 3 kwa kila mmoja bila nyongeza ya sekunde, mchezo mrefu zaidi ya hapo siwezi kumwahidi mtu.

Hali hiyo ndiyo iliyonikutanisha na Stafford. Kwa asiyeijua, ni gambiti, yaani unatoa askari kwa makusudi, na mimi nina nyeusi: 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 Nc6 (N ni farasi, B askofu, Q malkia, K mfalme, x ni kula, + ni cheki, na nukta tatu ni hatua ya nyeusi). Mpinzani kakula askari wako, na badala ya kumfukuza farasi wake kwa d6 kama watu wenye akili timamu, unamletea farasi wako mwingine amle. 4.Nxc6 dxc6. Hapo umepungukiwa askari mmoja, wawili wako wamepandana kwenye safu ya c, na ulichopata ni njia wazi za maaskofu wote wawili na malkia. Basi.

Lakini mitego yake, jamani! 5.d3 Bc5 6.Bg5, hatua ambayo kila mwenye haraka huicheza kwa sababu inambana farasi wangu mbele ya malkia. Namjibu 6...Nxe4. Anaona malkia kaachwa uchi, anakula 7.Bxd8, kisha 7...Bxf2+ 8.Ke2 Bg4 mati. Malkia wangu hayupo ubaoni na mfalme wake kafa kazungukwa na farasi mmoja na maaskofu wawili. Mara ya kwanza nilicheka kwa sauti mtoto akaamka.

Au 5.e5 Ne4 6.d3, eti anamfukuza farasi. 6...Bc5! Akila 7.dxe4, kuna 7...Bxf2+ 8.Ke2 Bg4+ 9.Kxf2 Qxd1. Malkia kaondoka, na mwenyewe bado anatafuta alipokosea.

Kwa mbinu hizo nilipanda kutoka alama za kiwango 1310 hadi 1522 kwa wiki kama sita. Sasa nimekwama, tena nateremka. Jana nilikuwa 1447. Kila ninayekutana naye anacheza 6.Be2 kwa utulivu kabisa, kama vile wote wamesoma darasa moja.

Juzi ndiyo nilijiaibisha. Nilikuwa na uhakika kwamba jamaa atacheza Bg5, nikapanga Nxe4 kabla ya zamu yangu niokoe sekunde. Akacheza Be2. Hatua yangu ikaenda yenyewe. 7.dxe4. Nikajipa moyo kwamba mtego ni mtego: 7...Bxf2+ 8.Kxf2 Qxd1. Nikashangilia nusu sekunde. 9.Bxd1. Yule askofu alikuwa kakaa e2 muda wote anamlinda malkia wake. Nimempa farasi na askofu kwa askari wawili, tumefika hatua ya tisa, na saa yangu bado inasoma 2:51. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi niliingia na ndoo mkononi.

Swali langu: niiache kabisa? Na nikiiacha, nicheze nini kinachochezeka kwa dole gumba moja?

---

ubao_wa_mbao:

Iache. Injini, ile programu ya kuchambua sataranji, inaipa nyeupe karibu +2, yaani kama askari wawili zaidi, tena hatua ya nne tu. Huo si ufunguzi, ni bahati nasibu. Cheza 3...d6 ulale.

---

dole_gumba:

Kulala ndiyo tatizo lenyewe mkuu.

---

bi_ngome:

Dole gumba, mwanangu, nakuita hivyo kwa sababu nimelea watatu na wote walilala kifuani. Pole. Inapita, ingawa hutaniamini.

Kwanza hiyo +2. Ni kweli, sibishani na injini. Ila hesabu hiyo ni ya mchezaji asiyekosea na asiyechoka, atakayeubeba ule ubora hatua arobaini bila kuuangusha njiani. Wewe hukutani na huyo. Unakutana na mtu mwenye dakika tatu ambaye huenda naye ana mtoto. Kwa yule askari uliyemtoa hukununua shambulizi, umenunua muda wake. Sasa fungua michezo yako ishirini ya mwisho. Usiangalie kete, angalia saa tu. Mlipofika hatua ya 10, yeye alibakiwa na ngapi na wewe ngapi? Ukikuta kachoma dakika nzima kutafuta kilipo kisu, askari wako kalipa deni, maana dakika moja hapo ni theluthi ya maisha yake. Ukikuta mko sawa, basi umemgawia askari bure na usitafute maneno ya kumpamba.

Ndiyo maana gambiti hii usiicheze 3+2, yaani dakika tatu na sekunde mbili za nyongeza kila hatua, hata siku moja. Lichess, tovuti ya sataranji, hukadiria urefu wa mchezo kwa hatua 40, kwa hiyo 3+2 ni kama sekunde 260, si 180. Zile sekunde mbili mbili zinamrudishia kila ulichomwibia.

Sasa mtego wenyewe. Umezikariri hatua, lakini hujaona mzizi. Hatua ya nne mbona unakula c6 kwa askari wa d na si wa b? Kwa sababu unaifungua safu ya d, na mwisho wa safu hiyo kakaa malkia wake. Kilichobaki kuiziba ni askari wake wa d3. Unapoingia e4, yeye mwenyewe kwa mkono wake anamalizia kuifungua, dxe4. Hapo malkia wako na wake wanatazamana, na anayemlinda wake ni mfalme aliye e1. Askofu anapiga f2, mfalme anavutwa kutoka e1, malkia anabaki yatima. Mitego yako miwili imejengwa juu ya udhaifu huo mmoja. Hata ule wa mati, asipomla malkia wako akala farasi, 7.dxe4, ni Bxf2+ ileile.

Basi kabla hujagusa e4 jiulize kitu kimoja: nani anamlinda malkia wa d1? Jibu likiwa "mfalme peke yake", piga bila huruma. Likiwa "askofu wa e2", mtego umekufa, uzike. Hata ukiwa na mtoto kifuani swali hilo halichukui sekunde mbili.

Akishacheza Be2 una 6...h5, unasubiri amfiche mfalme upande mfupi. Wengi humficha, kwa sababu tumefundishwa tangu utotoni kwamba mfalme afichwe mapema. Hapo farasi anaruka g4 na kuna kazi ya kufanya. Asipomficha, akacheza 7.c3, huyo anajua. Anataka d4 imfungie askofu wako ile njia ya kwenda f2. Ukiona c3, acha kuwinda. Cheza mchezo wa kawaida, kete zote nje, na malkia usimbadilishe kwa gharama yoyote. Mkibadilishana, hesabu askari: kuanzia safu ya d hadi h yeye ana watano, wewe watatu. Upande wa pili unao wanne dhidi ya watatu, lakini wawili wako wamepandana, hawazai mpya. Mwisho huo nimeucheza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Unakufa polepole huku ukijua kabisa unakufa.

Na kupanga hatua kabla ya zamu, panga ile 4...dxc6 tu. Asipokula c6, akarudi Nf3 kwa mfano, hatua yako inafutika yenyewe kwa sababu huwezi kula kete yako, hujapoteza kitu. Nxe4 haifutiki. Hilo ushalijua.

---

mzee_wa_d4:

Bi Ngome kaeleza vizuri, mimi naongeza la upande wa pili wa ubao.

Mimi hunikuti kwenye Stafford kwa sababu nacheza 1.d4. Huku nako kuna wahuni wake, wa 1...e5. Naandika yote mjionee: 1.d4 e5 2.dxe5 Nc6 3.Nf3 Qe7 4.Bf4 Qb4+ 5.Bd2 Qxb2 6.Bc3 Bb4! 7.Qd2 Bxc3 8.Qxc3 Qc1 mati. Malkia mweusi anashuka hadi kwenye mstari wa mwisho wa nyumba yangu, na wa kwangu yuko c3 anatazama. Nimekufa kifo hicho mara nne. Mara nne! Ya tano nikakaa nikatafuta: 6.Nc3 badala ya 6.Bc3. Farasi anakwenda kuruka b5 au d5, malkia wake anatangatanga huko b2 na mimi ndiye ninayewinda. Tangu siku hiyo 1...e5 kwangu ni kama mtu kaniletea chai.

Kwa hiyo ulichokutana nacho pale 1500 ndicho hicho. Si kwamba umepoteza makali. Chini huko ulikuwa unakutana na watu kabla ya kifo chao cha nne, sasa unakutana nao baada yake. Tena Stafford ina bahati mbaya ya umaarufu. Eric Rosen, yule IM (bingwa wa kimataifa) wa Marekani, aliionyesha kwenye video zake hadi ikawa wimbo wa kila mtu, na waliojifunza kuicheza wamejifunza hapohapo na dawa yake.

Nikitakiwa kuchagua, ningeibakiza kwa wapinzani wa chini ya 1400 na kuitupa juu ya hapo.

---

bi_ngome:

Kwenye blitzi huchagui mpinzani, mzee wangu. Mashine ndiyo inayokupangia. Yeye yuko 1447, atapangiwa wa 1447.

---

mzee_wa_d4:

Hapo umenishika.

---

ubao_wa_mbao:

Narudi, maana jibu langu la kwanza lilikuwa fupi kuliko adabu inavyoruhusu.

Kuna jambo linanichekesha kuhusu gambiti hii inayosemwa ni ya watu wa haraka. Jina lake limetokana na mchezo wa kwa barua, Lowens dhidi ya Stafford, 1950. Barua! Mtu ana siku za kufikiri, ubao uko mezani, anaweza kuamka asubuhi akautazama tena kabla ya kubandika stempu. Na bado Lowens alicheza 5.e5 Ne4 6.d3, na baada ya 6...Bc5 akaona yaliyomo akasalimu amri. Kwa hiyo bi ngome, nadharia yako ya saa ni nzuri lakini haijamaliza yote. Kuna watu wanaingia wenyewe na muda wanao.

Ila d6 siiachi. Dole gumba, huoni kwamba nusu ya kazi ushaifanya? Hatua mbili za kwanza ni za ulinzi wa Petrov. Ukibadilisha ya tatu tu, 3...d6 4.Nf3 Nxe4, umerudisha askari wako na uko kwenye ufunguzi ambao Caruana aliutumia dhidi ya Carlsen kwenye pambano la ubingwa wa dunia, London 2018. Mchezo wa 6 huo, Caruana ana nyeusi, ukaenda hatua 80 ukaisha sare. Humo ndani kulikuwa na wakati Caruana ndiye aliyekuwa anashinda. Nyeusi, na Petrov! Na watu wanasema inachosha.

Ila usiharakie 3...Nxe4 kabla ya d6. 4.Qe2, na ukimrudisha farasi kwa woga, 4...Nf6, basi 5.Nc6 ni cheki ya kufunuliwa na malkia wako kaliwa. Petrov nayo ina meno, ila yanamng'ata asiyesoma.

---

dole_gumba:

Nimerudi baada ya siku tisa. Bi ngome shikamoo, na asante. Wengine pia.

Nilifanya ulivyosema. Nilifungua michezo ishirini ya Stafford nikaangalia saa tu, hatua ya 10. Nilichokikuta kimeniaibisha kuliko ile Nxe4. Katika mingi ya niliyopoteza, mwenye muda mchache pale hatua ya 10 alikuwa ni mimi. Mimi! Niliyekariri kila kitu. Nilipokutana na Be2 nilikuwa nakaa naitazama sekunde arobaini nikitafuta kumrudisha marehemu. Yeye kacheza hatua yake aliyoisoma, katulia, na mimi ndiye niliyeingia kwenye mtego wa saa.

Sasa nimejiwekea hivi: nikiona Be2, h5 ndani ya sekunde moja, halafu naangalia kama ni O-O (kumficha mfalme) au c3. Ikiwa c3 nakubali kwamba usiku huo ni wa kucheza sataranji ya kawaida. Nimepoteza kadhaa za c3 na moja nilitoa sare, lakini sifi tena kwa saa. Mchana, nikipata mikono miwili, nacheza 3...d6. Ubao_wa_mbao, umeshinda nusu.

Niwape mmoja wa jana maana nimeshindwa kuuhifadhi peke yangu. Jamaa ni 1503. 5.d3 Bc5 6.Be2 h5, moyo ukaanza. 7.O-O. Kamficha. 7...Ng4. Akafikiri kidogo, 8.h3, anataka farasi aondoke. Mwezi uliopita ningeondoka. 8...Qd6. Farasi nimemwacha pale pale mdomoni, na malkia anaitazama h2.

Akaganda. Saa yake ilikuwa 2:22. Nikaiona inashuka, 2:00, 1:45. Mtoto akajigeuza, nikashika pumzi. 1:31, 9.hxg4. Kala. 9...hxg4, na sasa safu ya h yote ni ya ngome yangu. Akaona Qh2 inakuja, akacheza 10.g3 aizibe njia ya malkia. Nikatazama vizuri nisije nikarudia ya juzi. Askari wa f2 hawezi kula g3, askofu wangu wa c5 kambana mbele ya mfalme wake. h1 inatazamwa na ngome. Nikagusa.

10...Qxg3 mati.

Sikucheka. Niliuma shuka. Ila kumbe nilikuwa nimeigusa ile simu kwa nguvu, ikaniteleza, ikamwangukia mtoto mguuni. Mama yake akatoka chumbani, akaniangalia, akaangalia simu bado inaonyesha ubao, akamchukua mtoto bila kusema neno.

Nikabaki na mikono miwili saa saba usiku. Nikaanzisha mwingine, nikapata nyeupe, 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5, na jamaa akacheza 3...Nc6.

---

bi_ngome:

Ukacheza nini?

---

dole_gumba:

Nilizima simu.